Mizani Haisemi Yote: Mazoezi ya Kunyanyua Uzito na Mwili wa Mwanamke Mtu Mzima

Mkulima wa chai wa Kisondela anajua jambo ambalo wauzaji wengi wa bidhaa za kupunguza unene wangependa alisahau: uzito si kitu kimoja. Jani lililochumwa mvua ikinyesha huwa zito kuliko lililochumwa jua likiwaka, lakini uzito ule wa ziada ni maji, si chai. Kiwandani, kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa takribani kilo moja tu ya chai kavu. Kwa hiyo mwenye kununua chai hasomi mizani peke yake. Hutazama pia kile kilichomo ndani ya mfuko.

Mwili wa binadamu nao unastahili kupimwa kwa busara hiyohiyo. Katika makala haya tunaeleza jinsi mazoezi ya kunyanyua uzito yanavyobadilisha mwili wa mwanamke mtu mzima, mambo ambayo mazoezi hayo hayawezi kuyafanya, na namna ya kuyaanza bila gharama kubwa. Tunaeleza pia bidhaa na ahadi ambazo mlaji anapaswa kuzitilia shaka kabla ya kutoa fedha zake.

Suala hili si dogo. Mwaka 1991/92, wanawake wa umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo nchini Tanzania walikuwa takribani asilimia 11. Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa idadi hiyo imefikia karibu asilimia 32. Palipo na wasiwasi wa watu wengi hapakosi wachuuzi, na ndiyo sababu tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu.

Mwili umeundwa na nini

Mtu anapopanda kwenye mizani, kinachopimwa ni jumla ya mafuta, misuli, mifupa, viungo vya ndani, chakula kilichomo tumboni na maji. Maji peke yake ni karibu nusu ya uzito wa mwanamke mtu mzima. Ndiyo maana uzito wa mtu yuleyule unaweza kupanda au kushuka kilo moja au mbili kati ya asubuhi na jioni, au kati ya wiki moja na nyingine ya mzunguko wa hedhi, ilhali mafuta yake hayajabadilika hata kidogo.

Mafuta si adui. Mwanamke mwenye afya njema huwa na mafuta mengi kuliko mwanamume, nayo yana kazi katika hedhi, mimba na kunyonyesha. Muhimu zaidi ni mahali yanapokaa. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, hasa ya mapajani na nyongani, hayana madhara makubwa yakilinganishwa na yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na maradhi ya moyo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hutumia pia kipimo cha kiuno: kwa mwanamke asiye mjamzito, kiuno kinachozidi sentimita 80 ni dalili ya hatari iliyoongezeka, na kinachozidi sentimita 88 ni dalili ya hatari kubwa.

Misuli nayo haifanyi kazi ya kunyanyua na kutembea tu. Ni ghala kubwa la kuhifadhia sukari inayotoka katika chakula. Misuli inapofanyishwa kazi huipokea sukari hiyo kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo penye moja ya faida kubwa za mazoezi haya kwa mtu aliye katika hatari ya kupata kisukari.

Kinachotokea mwanamke anapoanza kunyanyua uzito

Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka haraka kuliko misuli. Mishipa ya fahamu hujifunza kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja, hivyo mwanamke anaweza kunyanyua zaidi ingawa mkono wake haujabadilika kwa macho. Ukuaji wa misuli wenyewe huja taratibu, na kwa kawaida huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12 za mazoezi yasiyokatizwa.

Kwa mwanamke anayeanza, miezi michache ya mazoezi mazuri huleta ongezeko la misuli la kilo moja hadi mbili hivi. Mafuta hupungua pia, lakini kwa kiasi, na zaidi pale mazoezi yanapoambatana na mlo uliopangwa. Haya ndiyo matarajio ya kweli. Anayeahidi kilo 10 kwa mwezi mmoja anauza kitu kingine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwanamke mwenye kilo 70 anafanya mazoezi kwa miezi mitatu, anapoteza kilo 2 za mafuta na kujenga kilo 1.5 za misuli. Mizani itasema amepungua nusu kilo tu. Lakini misuli hushikana zaidi kuliko mafuta, yaani kilo moja ya misuli huchukua nafasi ndogo kuliko kilo moja ya mafuta. Kwa hesabu hiyo mwili wake umepungua ujazo wa takribani mililita 800, sketi yake imelegea kiunoni, na ndoo aliyokuwa akiinyanyua kwa shida sasa anainyanyua bila kugugumia. Akiisikiliza mizani peke yake atakata tamaa na kuacha jambo lililokuwa likimfaa. Hapo ndipo muuzaji wa vidonge humkuta.

Kwa nini mazoezi peke yake hayapunguzi kilo nyingi

Watu wengi huamini kuwa kila tone la jasho ni mafuta yaliyoungua. Ushahidi mmoja wa kupinga imani hiyo umetoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2012, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hutembea na kufanya kazi za nguvu kila siku kupita watu wa mijini huko Marekani na Ulaya. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana sana na ya wale wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili una namna ya kubana matumizi yake mahali pengine pale kazi inapozidi.

Pia tusidanganyane kuhusu usemi kwamba misuli huchoma mafuta mtu akiwa amelala. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takribani kalori 13 kwa siku, pungufu ya kalori zilizomo katika kijiko kimoja kidogo cha sukari.

Je, basi mazoezi hayana maana? La hasha. Maana yake iko kwingine. Mlo ndio unaoamua kwa sehemu kubwa kama mtu atapungua, na mazoezi ya uzito huamua atapungua nini. Mtu anayepunguza chakula bila kufanya mazoezi hupoteza mafuta pamoja na misuli. Anayepunguza chakula kwa kiasi huku akinyanyua uzito hulinda sehemu kubwa ya misuli yake, na kinachoondoka huwa zaidi ni mafuta. Kilo zilizopungua zinaweza kuwa sawa kwa wote wawili, lakini miili yao haitakuwa sawa.

“Mbona sisi tunabeba mizigo kila siku?”

Hili ni swali la haki kwa mwanamke wa Kisondela, na halistahili kujibiwa kwa dharau. Anayepandisha mlima akiwa na mkungu wa ndizi, anayechuma chai tangu alfajiri, anayeteka maji na kukata kuni, hahitaji kuambiwa kuwa hafanyi kazi. Kazi hizo zinampa pumzi, uvumilivu na miguu imara. Tofauti kati ya kazi na mazoezi iko katika mambo manne.

Kwanza, mwili huzoea. Mwaka 1986, G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni, Waluo kichwani na Wakikuyu kwa ukanda unaopita juu ya kipaji cha uso. Waligundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi kuliko wanapotembea mikono mitupu. Huo ni ustadi mkubwa. Lakini misuli hukua pale inapodaiwa kitu kinachozidi mazoea yake; mzigo uleule wa kila siku hauidai kitu kipya.

Pili, kazi hutumia sehemu zilezile za mwili. Mchumaji wa chai hutumia vidole na mikono mbele ya kifua kwa saa nyingi, lakini misuli ya mgongo wa juu na ya kusukuma juu ya kichwa haipati zamu yake.

Tatu, kazi haina kipimo. Mzigo hupangwa na soko, si na uwezo wa mbebaji. Siku ya soko shingo na kiuno hubeba zaidi ya inavyopasa, kisha siku nyingine hazibebi kitu.

Nne, kazi haina mapumziko. Misuli haijengwi wakati wa kunyanyua; hujengwa baadaye, mtu anapokula na kulala.

Kwa hiyo, mwanamke anayefanya kazi za shamba hahitaji saa nyingi za mazoezi juu ya kazi yake. Vipindi viwili vifupi kwa wiki vinamtosha, na katika wiki za mvua ambapo chai huchumwa kwa wingi anaweza kupunguza hadi kimoja. Anayeyahitaji zaidi ni yule ambaye kazi yake imekuwa ya kukaa: mwalimu, karani, mwenye duka, fundi cherehani, au mama aliyehamia Tukuyu mjini na kuliacha shamba.

Umri unapoongezeka

Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu hupoteza takribani asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake katika kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Kwa mwanamke, ukomo wa hedhi huleta badiliko jingine: homoni ya estrojeni hupungua, mafuta huanza kuhamia tumboni, na mifupa hupoteza uimara wake kwa haraka. Mizani inaweza isionyeshe lolote. Mwanamke mwenye kilo 62 akiwa na miaka 35 anaweza kuwa na kilo hizohizo akiwa na miaka 60, lakini nusu ya hadithi imebadilika ndani: misuli michache, mafuta zaidi, mifupa myepesi. Katika vilima vya Rungwe, ambako njia huteleza kwa sehemu kubwa ya mwaka, kuanguka kumoja kunaweza kumvunja mama nyonga na kumwondolea uwezo wa kujitegemea.

Habari njema ni kwamba hakuna umri ambao mwili hukataa kuitikia. Mwaka 1990, huko Boston nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na Maria Fiatarone waliwapa mazoezi ya uzito wazee dhaifu 10 wa umri wa miaka 90 hivi waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee. Waliokamilisha wiki 8, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa zaidi ya mara mbili. Mwaka 2018, watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua uimara. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito chini ya usimamizi kwa dakika 30, mara mbili kwa wiki, kwa miezi 8. Uzito wa mifupa ya uti wa mgongo wao uliongezeka kwa karibu asilimia 3, huku wa wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ukipungua kwa zaidi ya asilimia 1.

Hofu ya kufanana na mwanamume

Wanawake wengi huogopa kuwa vyuma vitawapa mabega mapana na shingo nene. Ukuaji wa misuli ya namna hiyo hutegemea sana homoni ya testosteroni, na mwanamume mtu mzima huwa na homoni hiyo takribani mara 15 zaidi ya mwanamke. Misuli mikubwa haimjii mtu kwa bahati mbaya. Hata wanaume wanaoitafuta hutumia miaka. Kinachompata mwanamke wa kawaida ni mwili ulioshikana, mkao ulionyooka na nguvu ya kufanya kazi.

Mabadiliko ya kiume huja kwa njia nyingine: matumizi ya steroidi. Dawa hizi zinaweza kumfanya mwanamke aote ndevu, akatizwe hedhi na awe na sauti nzito, na sauti hiyo huweza kubaki hivyo hata baada ya kuacha dawa. Ukipewa sindano au vidonge vya “kukuza misuli” na mtu asiye mtaalamu wa afya, kataa.

Namna ya kuanza bila kununua kitu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kama kutembea kwa kasi. Mwanamke wa Kisondela kwa kawaida ameshatimiza sehemu ya kutembea. Kwa sehemu ya misuli anahitaji tu dumu safi lenye mfuniko usiovuja. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 10 au 20 ni chuma cha kupimika, kinachoongezwa uzito kwa kikombe.

Mazoezi sita yafuatayo yanatosha:

1. Kuketi na kuinuka. Keti juu ya benchi au kigoda kirefu, kisha simama bila kujisaidia kwa mikono. Ukizoea, kumbatia dumu kifuani.
2. Kuinua kutoka chini. Simama miguu ikiwa imeachana kidogo, sukuma makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka, shika dumu na usimame nalo karibu na mwili.
3. Kusukuma. Anza kwa kujisukuma ukutani, kisha kwenye ukingo wa benchi imara, na hatimaye sakafuni.
4. Kuvuta. Inama, mkono mmoja ukiegemea benchi, na kwa mkono mwingine vuta dumu kutoka chini hadi ubavuni. Badilisha mkono.
5. Kusukuma juu. Pandisha dumu dogo kutoka begani hadi juu ya kichwa.
6. Kubeba pande mbili. Shika madumu mawili yenye uzito sawa na utembee hatua 30 hadi 40 ukiwa umesimama wima.

Rudia kila zoezi mara 8 hadi 12, upumzike dakika mbili, kisha ufanye mzunguko wa pili na wa tatu. Mzigo unaofaa ni ule ambao, ukimaliza, unahisi ungeweza kurudia mara mbili zaidi na si zaidi ya hapo. Siku utakapofika 12 katika mizunguko yote bila shida, ongeza nusu lita au lita moja. Ongezeko hilo dogo ndilo linalotenganisha mazoezi na mazoea. Usizibe pumzi wakati wa kunyanyua. Toa hewa unapoinua. Acha siku moja au mbili kati ya kipindi na kipindi. Maumivu ya misuli ya siku mbili za mwanzo ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo au ya kifua si ya kawaida, nayo ni ishara ya kusimama mara moja.

Chakula

Misuli hujengwa kwa protini, na protini haimo kwenye makopo ya bei kubwa peke yake. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa takribani gramu 15. Dagaa wakavu ni miongoni mwa vyakula vyenye protini nyingi zaidi sokoni. Mwanamke mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 kwa siku, na anayefanya mazoezi ya uzito hufaidika akifikia gramu 70 hadi 95. Rungwe ni nchi ya ndizi, viazi, maziwa, maharage na parachichi. Tatizo la sahani nyingi ni kwamba ndizi hujaa na maharage huwa ya kulainishia tu. Badilisha uwiano huo kabla ya kufikiria kununua unga wa protini. Mafuta ya kukaangia, soda na sukari ya chai ndivyo vya kupunguza kwanza.

Kabla ya kutoa fedha zako

Katika kazi yetu ya kumlinda mlaji tunawaomba wanawake wawe waangalifu na bidhaa na ahadi zifuatazo.

Chai na vidonge vya “kusafisha tumbo”. Vingi hutumia sanamaki au dawa nyingine za kuharisha. Hizi hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya nishati ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na kinyesi. Mizani hushuka kwa siku mbili, kisha hurudi palepale.

Vidonge vya kupunguza unene visivyo na maelezo. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu wakati huo mamlaka za nchi mbalimbali zimeikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama “za mimea asilia tupu”.

Mikanda ya jasho na ya umeme. Jasho ni maji. Ama mikanda ya umeme, mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji walioitangaza kuwa inajenga misuli ya tumbo bila mazoezi. Hakuna zoezi wala mkanda unaochagua kuondoa mafuta ya tumbo peke yake. Mwili ndio unaoamua utaanza kuyachukua wapi.

Dawa za kukuza makalio na nyonga. Msuli wa makalio hukua kwa mazoezi ya kuchuchumaa na kuinua. Mafuta ya kupaka hayakuzi msuli, na sindano zisizojulikana zinaweza kusababisha usaha, ulemavu na kifo.

Mizani inayodai kupima mafuta. Vifaa hivi hupitisha umeme mdogo mwilini na kukisia. Majibu yake hubadilika kulingana na maji uliyokunywa. Futi kamba ya fundi cherehani hugharimu kidogo na hudanganya mara chache. Pima kiuno mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya kula, na uandike pamoja na uzito wa dumu unaloweza kuinua.

Ukumbi wa mazoezi. Kabla ya kulipa ada ya miezi mingi, omba masharti yaandikwe: bei kamili, muda, na utaratibu wa kurudishiwa fedha. Uliza mwalimu amesomea nini. Anayekuuzia dawa katika somo la kwanza si mwalimu wako.

Kwa kila bidhaa ya kumeza, soma lebo: jina la mtengenezaji na nchi, orodha ya viambato, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa isiyo na mambo haya usiinunue, hata kama aliyekuletea ni jirani unayemwamini.

Nani apate ushauri kwanza

Mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kisukari kinachotumia insulini, aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, au anayevuja mkojo akinyanyua kitu, aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Mjamzito mwenye afya njema kwa kawaida anaweza kuendelea na mazoezi mepesi, lakini afanye hivyo kwa ushauri wa kliniki. Aliyejifungua asubiri ruhusa ya mtaalamu, hasa baada ya upasuaji. Huduma hizi zinapatikana katika zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Makandana mjini Tukuyu.

Ukiwa na malalamiko

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa matangazo ya uongo, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya. Usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na usahihi wa mizani za biashara chini ya Wakala wa Vipimo. Huhitaji kujua mlango sahihi: ukifika katika ofisi yoyote kati ya hizi, au kwa mtendaji wa kata, utaelekezwa.

Tunza risiti, kopo au pakiti yenyewe hata ikiwa tupu, na ujumbe wa simu uliotumika kukuuzia. Kama umedhurika, anza hospitali, na uwaonyeshe ulichokunywa. Usione haya kwa sababu ya kile ulichotaka kupunguza. Taarifa ya mwanamke mmoja inaweza kuiondoa bidhaa mbaya sokoni kabla haijafika kwa mwingine.